Kona ya bomba isiyovuja moshi: jinsi ya kuchora bati kabla ya kulikata

Bomba la bati lililonyooka halimsumbui fundi. Anakunja bati, anafunga mshono, kazi imekwisha. Shida huanza bomba linapotakiwa kugeuka: kutoka tanurini kuingia ndani ya bani la tumbaku, kutoka jikoni kwenda nje ya ukuta, au kupanda na kupenya paa lililolala. Hapo ndipo bati huharibika, na hapo ndipo moshi hupata njia.

Katika makala hii tunaeleza namna ya kuchora kona ya bomba la mviringo ili vipande viwili vikutane sawasawa. Redioni ni vigumu kuieleza kazi ya mchoro na vipimo, kwa hiyo namba zote tumeziandika hapa. Zinakili kwenye daftari, au uihifadhi makala kwenye simu yako uende nayo kazini.

Kwa nini kona ni jambo kubwa kwetu

Kapalamsenga, wilaya ya Tanganyika, inajulikana zaidi kwa shaba. Lakini mkoa wetu wa Katavi ni miongoni mwa mikoa inayolima tumbaku ya mvuke, kama ilivyo Tabora, au Chunya mkoani Mbeya. Tumbaku hii hukaushwa kwa joto peke yake. Moto huwaka kwenye tanuri, moshi na joto hupita ndani ya mabomba yaliyolazwa chini ya majani, kisha moshi hutoka nje kupitia bomba la wima. Majani hupata joto la bati, hayaguswi na moshi.

Kule Ruvuma kuna tumbaku nyingine, tumbaku ya moshi, ambayo majani yake hufukizwa kwa makusudi. Ni zao tofauti, lenye soko lake. Mkulima wa tumbaku ya mvuke ambaye kona ya bomba lake inavuja anajikuta na majani ambayo si ya mvuke wala si ya moshi. Rangi imeharibika, harufu imeingia, na siku ya kupanga madaraja anashushwa. Ukaushaji mmoja huchukua karibu wiki nzima, na mwishoni joto la ndani hufikia nyuzi 70 hivi ili vikonyo vikauke. Kuni zote za wiki hiyo zinaweza kupotea kwa sababu ya ufa usiozidi upana wa kidole.

Jambo hili halihusu tumbaku tu. Jiko banifu la nyumbani, jiko la shule na tanuri la mikate yote yanatumia bomba la kutolea moshi. Bomba likivuja ndani ya chumba, wanaokaa humo wanavuta moshi. Ndani ya moshi kuna hewa ya kaboni monoksaidi, ambayo haina rangi wala harufu, na inaweza kumuua mtu akiwa usingizini.

Mdomo ni duaradufu, lakini bati linataka wimbi

Fundi wengi hukosea mahali pamoja. Ukikata muhogo au mshumaa kwa mshazari, uso uliokatwa hauwi duara. Unakuwa duara lililovutwa, refu upande mmoja. Umbo hilo ndilo duaradufu. Watu wamelijua tangu zamani: Serenus, mwanahisabati wa Antinoöpolis nchini Misri, aliandika kitabu kizima kuhusu mkato wa kitu cha mviringo kama bomba, yapata miaka 1,700 iliyopita.

Kwa kuwa mdomo wa bomba lililokatwa mshazari ni duaradufu, fundi hudhani achore duaradufu kwenye bati, akate, akunje. Akikunja, vipande havikutani. Sababu ni kwamba duaradufu huonekana baada ya bati kukunjwa. Bati likiwa bado limelala, mstari wa kukata ni mwingine kabisa.

Jaribu hivi. Zungushia mshumaa karatasi, kisha ukate mshumaa pamoja na karatasi yake kwa kisu kikali, kwa mshazari. Ikunjue karatasi uitandaze mezani. Utaona mstari unaopanda na kushuka taratibu kama wimbi la ziwani. Hauna kona kali wala sehemu iliyonyooka ndefu. Mstari huo ndio tunaotaka kuuchora kwenye bati.

Basi tukumbuke mambo mawili. Kipande cha bomba huchorwa kwa wimbi. Tundu la kwenye bati bapa ambalo bomba litapenya kwa mshazari, kama la paa, ndilo huchorwa kwa duaradufu. Tutaanza na wimbi.

Vifaa

Utahitaji rula au futi kamba, msumari wenye ncha wa kuchorea, mkasi wa bati, nyundo, na boksi la karatasi ngumu. Boksi ni la lazima. Kosa kwenye boksi halikugharimu kitu, lakini kosa kwenye bati limekula hela.

Pembe ya kukata

Kona ya vipande viwili hukatwa kwa nusu ya pembe ya mgeuko. Bomba likigeuka nyuzi 90, yaani likitoka kulala chali na kusimama wima, kila kipande hukatwa nyuzi 45. Likigeuka nyuzi 60, kila kipande hukatwa nyuzi 30. Vipande vyote viwili vikatwe sawa. Kimoja kikikatwa zaidi ya kingine, midomo haitalingana.

Kama huna kipimapembe, chukua karatasi yenye kona ya mraba na uikunje ile kona katikati. Mkunjo huo ni nyuzi 45.

Namba za bomba la kipenyo sentimita 20

Tumechagua bomba la kipenyo cha sentimita 20, likigeuka nyuzi 90, kwa sababu hesabu zake ni nyepesi na utaweza kuzitumia kwa mabomba mengine.

Kwanza tafuta mzingo, yaani urefu wa kuzunguka bomba. Zidisha kipenyo kwa 3.14. Hapa ni 20 mara 3.14, tunapata sentimita 62.8.

Pili, chora mstatili kwenye boksi. Upana wake uwe sentimita 62.8, na ongeza sentimita 2 upande wa kulia kwa ajili ya mshono. Kimo chake kiwe sentimita 31.5. Mstatili huu mmoja utatoa vipande vyote viwili vya kona.

Tatu, gawa zile sentimita 62.8 katika sehemu 12 zilizo sawa. Kila sehemu ni sentimita 5.2 na kidogo. Usipime 5.2 mara kumi na mbili, maana kile kidogo kitajikusanya. Njia rahisi ni kukata ukanda wa karatasi wenye urefu wa sentimita 62.8, ukaukunja mara tatu, kisha nusu, kisha nusu tena. Ukiukunjua una sehemu 12 bila hesabu yoyote.

Tahadhari moja kwa wanaotumia bikari. Kuna fundi anayechora duara, akaligawa mara 12 kwa bikari, halafu akahamishia upana ule ule wa bikari kwenye bati. Bikari hupima kwa mkato ulionyooka, lakini bati hufuata mzunguko. Kwa bomba letu atapungukiwa karibu milimita 7, na bomba lake halitaingia kwenye mwenzake.

Nne, kwenye kila alama simamisha mstari wima. Utapata mistari 13. Mstari wa 1 na wa 13 ni mahali pamoja bomba likikunjwa.

Tano, pima kutoka chini ya mstatili kwenda juu, uweke nukta:

Mstari wa 1 na wa 13: sentimita 5
Mstari wa 2 na wa 12: sentimita 6.3
Mstari wa 3 na wa 11: sentimita 10
Mstari wa 4 na wa 10: sentimita 15
Mstari wa 5 na wa 9: sentimita 20
Mstari wa 6 na wa 8: sentimita 23.7
Mstari wa 7: sentimita 25

Sita, unganisha nukta hizo kwa mkono mlaini, usitumie rula. Unaweza kupinda ufito mwembamba au waya mgumu upite kwenye nukta zote, ukachora kwa kuufuata. Mstari uwe karibu bapa kwenye namba 1, 7 na 13, na uwe mkali zaidi kwenye namba 4 na 10. Kwenye zile sentimita 2 za mshono, uendeleze mbele kidogo tu.

Saba, juu ya wimbi hilo chora wimbi la pili linalolingana nalo, likiwa juu zaidi kwa sentimita 1.5 kila mahali. La kwanza ni la kukata. La pili ni la kukunja, tutaeleza.

Kata kwenye wimbi la kwanza peke yake. Sasa una vipande viwili. Cha chini kina upande mfupi wa sentimita 5 na upande mrefu wa sentimita 25. Cha juu nacho, ukipima kutoka kwenye wimbi la kukunja hadi ukingo wake wa juu, kina sentimita 5 katikati na sentimita 25 pembeni. Ni sawa kabisa, isipokuwa kimegeuzwa. Hakuna bati lililotupwa katikati.

Faida nyingine ni kwamba mshono wa kipande kimoja unaangukia upande mfupi wa kona, na wa kingine unaangukia upande mrefu. Mishono miwili haikutani mahali pamoja, na kona inakuwa imara.

Kunja boksi, gusanisha upande mfupi na upande mfupi, uone kama vimekaa. Vikikaa, hamishia mchoro kwenye bati. Litunze boksi hilo, kesho utalihitaji.

Kama bomba lako si la sentimita 20

Mzingo utafute upya, kisha ugawe mara 12. Kwa vimo, angalia umbali wa kila nukta kutoka mstari wa katikati, ambao kwetu ulikuwa sentimita 15. Umbali huo ni 10, 8.7, 5 na 0, kwenda chini na kwenda juu. Namba 10 ndiyo nusu ya kipenyo chetu.

Bomba la sentimita 30 nusu yake ni 15, yaani mara moja na nusu. Basi umbali unakuwa 15, 13, 7.5 na 0. Bomba la sentimita 10 ni nusu ya letu: 5, 4.3, 2.5 na 0. Mstari wa katikati uuweke juu kiasi kwamba upande mfupi ubaki na angalau sentimita 5 za kushikia.

Kwa mkato wa nyuzi 30 badala ya 45, zidisha umbali huo kwa 0.58. Kwa nyuzi 22 na nusu, zidisha kwa 0.41.

Kona ya vipande vitatu

Kona ya vipande viwili ni kali. Moshi hugonga ukuta, hupunguza mwendo, na masizi hukaa hapo. Kwenye bani au jiko la shule ni bora vipande vitatu. Mgeuko wa nyuzi 90 unagawanywa katika mikato minne ya nyuzi 22 na nusu: mmoja kwenye kila kipande cha mwisho, na miwili kwenye kipande cha katikati.

Kwa bomba letu la sentimita 20, vipande vya mwisho vina vimo hivi, kuanzia mstari wa 1 hadi wa 7: sentimita 5, kisha 5.6, 7.1, 9.1, 11.2, 12.7 na 13.3. Kutoka wa 8 hadi wa 13 unarudi ulikotoka.

Kipande cha katikati kina wimbi juu na chini. Chora mstari mmoja ulalao katikati ya bati, halafu vimo hivi hivi uvipime kwenda juu na kwenda chini yake. Upande wake mfupi utakuwa sentimita 10, na mrefu sentimita 26.6. Kumbuka kuacha sentimita 1.5 za kukunja kwenye kila kiungo, upande mmoja tu wa kiungo.

Tundu la paa

Hapa sasa duaradufu linahitajika. Bomba linasimama wima, paa limelala. Tundu likikatwa duara, bomba halipiti. Fundi akilipanua kwa kubahatisha, mvua inaingia.

Upana wa tundu ni kipenyo cha bomba, na urefu wake hufuata mwinamo wa paa. Huhitaji hesabu. Chora mstari ulalao wenye urefu wa kipenyo, sentimita 20. Kwenye ncha yake moja simamisha mstari wima. Kutoka ncha ya pili chora mshazari wenye mwinamo sawa na wa paa, hadi ukutane na mstari wima. Urefu wa mshazari huo ndio urefu wa tundu. Paa lenye mwinamo wa nyuzi 30, yaani linalopanda sentimita 58 kwa kila mita moja, hutoa sentimita 23.1.

Sasa chora msalaba: mstari mrefu sentimita 23.1, mfupi sentimita 20, ikikatana katikati. Chukua kamba yenye nusu ya mstari mrefu, yaani sentimita 11.55. Shika ncha moja mwisho wa mstari mfupi, na uone ncha nyingine inagusa wapi kwenye mstari mrefu, kulia na kushoto. Hapo pawili pigilia misumari, ukiwa juu ya ubao. Funga uzi kuzunguka misumari yote miwili ili kitanzi kilichokazwa kifike mwisho wa mstari mfupi. Ingiza kalamu ndani ya kitanzi, kaza, uzunguke. Umepata duaradufu.

Ongeza nusu sentimita pande zote, kwa kuwa bati la moto hutanuka. Tundu hili likate kwenye kipande cha bati bapa, na ukingo wake wa juu uingie chini ya bati la paa lililo juu yake, ukingo wa chini ulale juu ya bati linalofuata. Maji yatapita bila kuingia. Papi na miti ya paa vikae mbali na bomba. Kwa bomba la bati moja acha nafasi isiyopungua sentimita 45 kutoka kwenye nyasi au mbao. Nyumba ya nyasi na bomba la moto havipatani.

Kuunganisha

Rudi kwenye kile kipande chenye wimbi la kukunja. Kata meno kuanzia ukingoni hadi kwenye wimbi hilo, jino moja kila baada ya sentimita moja na nusu. Yakunje yafuate ukuta wa bomba la pili kwa ndani. Kwenye upande mfupi na upande mrefu yatakunjwa sana, ubavuni yatakunjwa kidogo tu. Kisha toboa na piga ribiti.

Kipande chenye meno kiwe ndicho kinachokwenda juu. Lami ya moshi hushuka kwenye kuta za bomba, na kipande cha juu kikiingia ndani ya cha chini, lami hubaki ndani. Ukigeuza, itachuruzika nje kwenye kila kiungo.

Usitumie risasi ya kuchomelea bati kwenye bomba la moshi. Huyeyuka kabla ya nyuzi 250, na karibu na tanuri joto hupita hapo. Tumia ribiti za chuma, kisha ziba kiungo kwa udongo wa kichuguu uliokandwa vizuri. Ukikauka na kupasuka, rudia kabla ya kuwasha moto mkubwa.

Bomba la kwanza, lile linalotoka tanurini, liwe la bati jeusi nene. Bati la kuezekea la geji 30 ni jembamba, litatoboka mapema. Kumbuka geji ikiwa namba ndogo, bati ni nene zaidi. Bati la kuezekea limepakwa zinki, na zinki ikiunguzwa hutoa moshi mweupe unaoleta homa na kifua kubana. Ukilazimika kulichomelea, fanya nje penye upepo, na uikwangue zinki kwanza mahali pa kuchomelea.

Pima kabla ya kupakia majani

Usiku, ingiza tochi ya simu ndani ya bomba lililo baridi, ziba mdomo kwa kitambaa, uzunguke kwa nje ukiangalia. Mwanga unapotoka, moshi nao utatoka. Ziba kwa udongo, kisha pima tena.

Mchana wa siku inayofuata washa moto mdogo na utie majani mabichi tanurini bani likiwa tupu. Simama mlangoni uangalie ndani. Ukiona hata uzi mmoja wa moshi kwenye kona, zima moto, subiri bomba lipoe, urudi kwenye kiungo hicho. Na hata kona ikiwa nzuri namna gani, anayelinda moto usiku alale nje ya bani, asilale ndani.